Kibao Namba Arobaini na Moja

Rukaya alimwua mzee Shuaibu bila kutoka kitandani. Alikuwa nyumbani kwake Bagamoyo mjini, kajifunika shuka hadi kiunoni, kikombe cha chai ya tangawizi kando, na mvua ya masika ikipiga bati kama iliyotumwa. Hakushika panga wala rungu. Mzee mwenyewe alikuwa hamjui, hajapata kumwona hata kwa mbali. Aliandika namba mbili ndefu kwenye kifaa cha GPS, akakizima, akakiweka kando ya mto, akamalizia chai yake. Ijumaa iliyofuata mzee akafa.

Kazi yenyewe haikuwa ya damu. Miaka michache nyuma, ilipoamuliwa kila nyumba iwe na namba na kila njia iwe na jina, Rukaya alikuwa miongoni mwa waliopita kijiji cha Zinga nyumba kwa nyumba, nyundo mkononi na misumari mdomoni, wakigongomelea vibao. Kila nyumba aliyoipa kibao aliiandika pia kwenye faili lake, pale hasa ilipo. Kazi ilipokwisha wenzake walirudi kwenye biashara zao za vitumbua. Yeye alibaki na faili, akatafuta kifaa cha mkononi, kile kinachofanana na redio ya askari, akaanza kujitegemea. Mchimba visima akija na anwani, Rukaya anaigeuza kuwa namba mbili, moja ya kusini na moja ya mashariki, anaziingiza kwenye kifaa, na kifaa kinampeleka mtu hadi mlangoni, hata kule ambako simu haishiki mtandao. Wafunga sola walimjua. Madaktari wa mifugo walimjua. Ukiitaka nyumba yoyote kuanzia Mapinga hadi mjini, mtu wa kumwona ni Rukaya.

Na alikuwa na sharti lake moja, alilopenda kuwasimulia watu kwa kujisifu: nukta ya nyumba, yaani zile namba mbili, haiandikwi umekaa. Unakwenda, unasimama mlangoni, unakiinua kifaa chini ya mbingu wazi, unangoja mpaka kikuambie kimebakiza makosa ya mita tatu, ndipo unaandika. Tarakimu moja ya mwishoni ikikosewa, umempeleka mgeni jikoni kwa jirani.

Kwa Zinga sharti hilo lilikuwa na sababu nyingine, tena ya kuchekesha. Siku ya kugawa vibao, mjumbe mmoja mwenye maneno mengi aliwaambia watu, "Namba hii ni yako, itunze kama kitambulisho." Nao wakaitunza kweli. Mtu akihama, anang'oa kibao chake, anakifunga kwenye mzigo pamoja na masufuria, anakwenda kukigongomelea kwenye nyumba mpya. Fomu za shule za watoto zina namba hiyo, laini ya simu ameisajili kwa namba hiyo, sasa aiache kwa nani? Ukipita barabara ya Mkwajuni utakuta sita, halafu tisa, halafu hamsini, halafu saba. Rukaya aliyajua haya kuliko mtu yeyote, na alishayacheka mara nyingi.

Basi mwanamke anayeyajua yote hayo, eti mvua ikamzuia! Mtu unashindwa umwite mvivu au umwite jina gani.

Aliyemletea kazi ile alikuwa Majaliwa, dalali wa viwanja, shati limepigwa pasi mpaka linakata, marashi ya kutosha ukumbi wa harusi. Alikuja na anwani tatu kwenye kipande cha karatasi.

"Ni barua za lile shauri la mashamba, dada yangu," alisema. "Vijana wangu wanatoka Lugoba na Vigwaza, Zinga hawaijui. Na sitaki waulize njia. Ukiuliza njia, watu wanakukumbuka."

Neno hilo lilitosha kumsimamisha mtu nywele. Rukaya alicheka, akampa karibu ya chai. Anwani mbili zilikuwa za kujazia tu, jambo ambalo alilitambua baadaye. Ya tatu ilikuwa namba arobaini na moja, barabara ya Mkwajuni, kwa Abdulrazak, yule aliyesimama mbele ya wenzake kumshtaki tajiri mmoja aliyezungushia mashamba yao seng'enge hadi ufukweni. Bila Abdulrazak kesi ile haikuwa na miguu. Rukaya alifungua faili la miaka ile, akaitafuta arobaini na moja, akanakili, na Majaliwa akapita kukichukua kifaa.

Kumbe Abdulrazak alikuwa amehama tangu kabla ya Ramadhani, na kibao chake amekwenda nacho, nyumba ya bondeni karibu na mashine ya kusaga. Ile ya zamani walipanga mzee Shuaibu, mshona kofia, na mkewe Mwanahija.

Vijana wa Majaliwa walikwenda Ijumaa adhuhuri, saa ambayo wanaume wote wako msikitini. Mzee Shuaibu alikuwa na homa, hakwenda kuswali, amelala kwenye mkeka ukumbini. Waliingia watatu na vipande vya nondo. Hawakumwuliza jina, kwani kifaa kilikwisha kuwaambia wamefika. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, kwa hiyo hata angetaka kusema yeye siye, asingeweza. Mwanahija alikuwa uani anatwanga kisamvu. Aliposikia kishindo alikimbia ndani, akapigwa teke la tumbo akaanguka chini, na pale chini akaona kwamba wanampiga mtu aliyekwisha kufa. Waliendelea hivyo hivyo kwa muda. Damu ilifika hadi kwenye kofia zilizopangwa ukutani.

Rukaya alizipata habari kesho yake kutoka kwa Ummy, jirani yake. "Zinga kumeharibika, shoga," Ummy alisema dirishani. "Mzee wa watu, hana kesi, hana ugomvi na mtu, wamemponda kama nyoka. Wanasema aliyetakiwa ni aliyekuwa akikaa hapo mwanzo."

Rukaya alifunga dirisha. Alifungua faili, akaitazama ile arobaini na moja, akalifunga. Alijua. Tangu saa hiyo alikuwa na jambo moja tu akilini: mtu asijue. Hakulala, hakula, na kila aliyepiga hodi alimwona kama amekuja kumkamata.

Aliyepiga hodi Jumatano asubuhi alikuwa Majaliwa. Safari hii hakuja na marashi. Aliingia, akafunga mlango kwa kisigino, akampiga Rukaya usoni kwa kile kifaa chenyewe. Jino likatoka.

"Umenipa nyumba siyo," alisema taratibu. "Kesi ni Jumatatu, na mtu wangu bado anatembea. Sasa utakwenda kwa miguu yako, utasimama mlangoni kwa Abdulrazak, utaniandikia nukta. Kesho jioni napita kuchukua. Keshokutwa nakwenda mimi mwenyewe na vijana. Na ukifumbua mdomo, sista, tutajua pa kukupata. Kwako hatuhitaji GPS."

Alimsukuma ukutani hadi akaanguka, akamkanyaga kifuani kwa kiatu, akakitupa kifaa kando yake, akatoka akipangusa soli kwenye zulia. Rukaya alibaki chini anatema damu kwenye kanga. Aliogopa, hilo halina ubishi. Lakini ndani ya woga ule aliona hasira inamjia, hasira ya kwanza tangu Jumamosi, na akaikumbatia maana ilikuwa afadhali kuliko kumfikiria mzee Shuaibu.

Saa sita mchana alikuwa Zinga bondeni, ukumbini kwa Abdulrazak, mdomo umevimba. Aliwaambia yeye na mkewe Mwanvita nusu ya mambo. Aliwaambia kuna watu wamempiga, wanamlazimisha awape nukta ya nyumba hii, watakuja Ijumaa wakati wa swala. Nani aliwapa nukta ya kwanza hakusema, na hakuna aliyemwuliza.

Abdulrazak alitaka kuhama usiku huo huo na watoto. Mkewe akamkatiza.

"Uhamie wapi? Ukihama leo, Jumatatu nani atasimama? Wewe Ijumaa nenda msikitini, na wanaume wote waende, kama kawaida. Wakiona wanaume wamebaki hawatakuja, watakuja siku tusiyoijua. Waache waje wakute wanawake."

"Mwanvita, wale ni wauaji."

"Na sisi tunatwanga tangu tuna miaka saba, baba Zubeda. Mikono tunayo."

Mashine ya kusaga ilikuwa imekufa injini tangu mwaka jana. Lilibaki banda la matofali, mlango mmoja wa mbao, madirisha mawili madogo yaliyojaa vumbi la pumba. Mwanvita aling'oa kibao namba arobaini na moja kwenye nyumba yake, akakigongomelea kwenye mlango wa banda, akaning'iniza na pazia la maua ili paonekane panakaliwa. Rukaya alisimama mbele ya mlango ule, akainua kifaa, akangoja. Mita tisa. Mita sita. Mita nne. Mita tatu. Akaandika. Ilikuwa nukta safi kuliko zote alizowahi kuandika maishani.

Alhamisi jioni Majaliwa alichukua kifaa, akampapasa shavu lililovimba, akaenda zake.

Ijumaa adhana ilipoita, wanaume waliteremka na kanzu zao kuelekea msikitini, Abdulrazak katikati yao, shingo haigeuki. Njia zikawa tupu. Ndani ya banda walikuwa wanawake kumi na tisa, nyuma ya mashine na nyuma ya magunia, kila mmoja na mchi wake. Rukaya alikuwa nje, amejibanza pembeni mwa ukuta, kazi yake kutia komeo.

Kabla ya wageni kufika, alikuja mtu ambaye hakutazamiwa. Alikuwa Mwanahija. Mjane wa siku saba, aliyekaa eda, asiyetakiwa kuvuka kizingiti hadi itimie miezi minne na siku kumi, alikuja akitembea katikati ya njia mchana kweupe, amejitanda shuka jeupe, mchi begani. Wanawake walimwona dirishani wakashika vichwa.

"Bi Mwanahija, dhambi," mmoja alinong'ona.

"Ni yangu," alisema, akaingia, akasimama mbele ya wote.

Gari lilisimama juu barabarani, Noah nyeupe. Walishuka watatu. Majaliwa alikuwa mbele, kifaa mkono wa kushoto, macho hayatoki kwenye kioo, anahesabu hatua. Alifika mlangoni, akakiona kibao, akatabasamu. Akalisogeza pazia akaingia, na wenzake nyuma yake. Rukaya alitoka pale alipojibanza, akavuta mlango, akatia komeo.

Kwanza zilisikika sauti za wanaume wakiuliza, "Nini? Nini hii?" Kisha zikawa za kuomba. Kisha ukasikika ule mdundo ambao kila mtu wa pwani ameusikia uani kwa mama yake, wa michi mingi kwenye kinu kimoja, kupokezana bila kugongana. Mmoja alikimbilia dirishani, akatoa kichwa na mkono nje, macho yamemtoka, akamwona Rukaya. Akavutwa ndani kwa miguu, na meno yake yakabaki kwenye ukingo wa tofali. Vumbi la pumba lilitoka madirishani. Kuna aliyemwita mamake. Rukaya alilegemea mlango, anausikia ukitetemeka mgongoni, na akafurahi. Ndiyo, alifurahi. Alidhani deni la Shuaibu linalipwa mle ndani na wengine, na yeye anatoka hapo msafi.

Walipogonga afungue, alifungua. Majaliwa alikuwa amekaa, magoti yote mawili yametazama kusiko, taya limeachana, anapumua mapovu mekundu. Wa pili alikuwa haonekani sura. Wa tatu alikuwa amekufa, amekumbatia gurudumu la mashine. Wanawake walitoka wakihema, unga wa pumba usoni umeshikana na damu, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wakati huo wanawake wengine waliopangwa juu barabarani walikuwa wanamburuta dereva wa Noah. Walimtupa mbele ya banda, shati limechanika, sikio linachuruzika.

"Mtazameni!" alipaza sauti mmoja. "Si Abuu huyu? Abuu wa marehemu Mize!"

Ni kweli alikuwa yeye. Amezaliwa Zinga hiyo hiyo, amekimbia shule hiyo hiyo, kisha akaenda Lugoba kuendesha magari ya watu. Mtu mzima, ana wake na watoto, analia kamasi zinafika kidevuni.

"Ijumaa ile pia ulikuwa wewe?" Mwanvita alimwuliza.

"Nilikuwa mimi garini. Sikushuka! Wallahi sikushuka. Nilipojua walichokifanya nikataka kukataa, wakasema watanimaliza na wanangu."

"Nani aliwaonyesha nyumba ya mzee Shuaibu?"

"Sijui. Walikuwa na kile kidude. Kinasema kata kulia, nakata. Kinasema simama, nasimama."

"Muongo!" Sauti zilitoka kila upande. "Kidude kinaijuaje Mkwajuni? Watu wa Lugoba wanaijuaje? Mtoto wa hapa ndiye aliyewaonyesha. Umeuza mji wako, Abuu!"

Mchi wa kwanza ulimpata bega. Likavunjika, sauti yake ikasikika hadi kwa Rukaya. Wa pili ulimpata mgongoni, akaanguka kifudifudi, akawa anatambaa, anakula mchanga, anawataja shangazi zake kwa majina, mmoja mmoja, na baadhi yao walikuwa palepale na michi mikononi. "Shangazi Mwanvita, mimi sikuonyesha. Wallahi sikuonyesha." Mwanahija alipita katikati ya wenzake, nao wakampisha. Huyu alikuwa fungu lake. Alisimama juu ya kichwa cha Abuu, akaachanisha miguu kama anayetaka kutwanga.

Rukaya alikuwa hatua nne tu kutoka pale. Watu wawili tu duniani walijua: yeye, na Majaliwa ambaye hatasema tena na mtu kwa taya lile. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza kwa muda wa pumzi moja. Abuu angekufa na jambo lile, wangemzika nalo, na yeye angerudi mjini kwa Ummy na vitumbua vya asubuhi. Alitaka kunyamaza. Alitaka mno, hata mdomo aliubana mpaka kidonda cha jino kikafunguka upya akaonja damu.

"Si yeye," akasema.

Hawakumsikia. Mchi ulikuwa umekwisha kwenda juu.

"Si yeye!" Rukaya alipiga ukelele. "Ni mimi! Nukta niliandika mimi. Arobaini na moja niliitoa kwenye faili, sikuja kutazama. Mvua ilikuwa inanyesha. Sikuja! Majaliwa alinipa anwani, nikamwandikia nyumba ya zamani. Abuu hakuonyesha kitu."

Mchi uliteremka taratibu, ukasimama kwenye mchanga. Abuu alijikunyata, analia kimya. Mwanvita alimtazama Rukaya kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Umekula wali kwangu juzi," alisema. "Ukakaa kwenye mkeka wangu, ukatuambia umepigwa. Ukatulilia."

Wanawake walimzunguka. Mikono yao ilikuwa bado ya moto kwa kazi ya mle ndani, na wengine walikwisha kubadilisha mshiko. Mmoja alimshika nywele kwa nyuma, akamvuta hadi shingo ikatoa sauti. Mwingine alimpiga ngumi ya mbavu, Rukaya akapiga magoti.

"Mwacheni," Mwanahija alisema.

Walimwacha. Mjane alimsogelea, shuka lake jeupe limetapakaa madoa hadi kifuani. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka, anayetaka kujua jambo moja tu kabla hajaketi.

"Ulikuwa ukimjua?"

"Sikumjua, bi Mwanahija. Sijapata kumwona."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Niliandika namba tu."

Mwanahija alitikisa kichwa, kama aliyeambiwa bei ya kitu. "Mkono upi?" aliuliza.

Rukaya hakuelewa.

"Ulioandika. Mkono upi?"

"Bi Mwanahija, inatosha," Mwanvita alisema, lakini hakusogea. Hakuna aliyesogea. Rukaya alitazama mikono yake miwili juu ya mapaja. Angeweza kusema wa kushoto. Bila mkono wa kushoto angeishi na kazi yake, na hapana mtu pale aliyejua anaandika kwa upi. Alisogea kwa magoti hadi kwenye kizingiti cha banda, akauweka wa kulia juu ya jiwe, akakunjua vidole vyote vitano.

Mwanahija aliachanisha miguu juu ya mkono ule.

"Alikuwa mtu mrefu," alisema. "Miguu yake ilikuwa ikipita mwisho wa kitanda. Akishona kofia, uzi anaushika kwa meno, nami namgombeza. Wali haupendi, anapenda muhogo. Jina la babake Makame. Sasa unamjua."

Akashika mchi kwa mikono miwili, akauinua.